Kilainishi cha risasi kwa baruti nyeusi: dalili, chanzo na marekebisho

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura asilimia 75, makaa asilimia 15 na salfa asilimia 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Hubaki yabisi, yaani chumvi za potasiamu pamoja na masizi. Sehemu hutoka na ule moshi mzito mweupe, iliyosalia hushika kuta za mtutu. Chumvi hizo hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu, masizi hubaki laini na kitambaa kimoja huyafuta. Hewa ikiwa kavu na mtutu umepata moto, hukauka upesi na kuwa ukoko unaoikwaruza na kuibana risasi inayofuata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kilainishi, yaani nta na mafuta yanayopakwa kwenye risasi, ni kuyaweka masizi laini ili kila risasi iyasukume nje masizi ya mwenzake. Kuzuia madini ya risasi yasigande mtutuni ni kazi ya pili. Mtu aliyezoea baruti isiyo na moshi huja na mpangilio wa kinyume. Hununua kilainishi kigumu cha nta za petroli kilichoundwa kustahimili kasi kubwa, kisha matundu kwenye shabaha yanaanza kutawanyika baada ya risasi chache tu. Hapo atabadili baruti, atabadili risasi, atabadili hata miwani ya kulengea, na kosa liko kwenye mfuo wa risasi, yaani mtaro unaoizunguka risasi na kubeba kilainishi.

Maelezo haya yote ni ya baruti nyeusi halisi. Baruti mbadala zina kemia yake, na maagizo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Baruti isiyo na moshi haiingii kabisa katika bunduki iliyojengwa kwa baruti nyeusi, hata kwa kiasi kidogo.

Uchunguzi wa kwanza: masizi yako wapi, na yana hali gani

Usibadili kilainishi kabla ya kufanya jaribio hili. Futa kabisa mafuta ya hifadhi yaliyomo mtutuni kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kitambaa kikavu. Piga risasi tano bila kusafisha katikati. Hakikisha bunduki ni tupu, na kama ni gobore ondoa fataki (kiwashio) na uangalie kwa mdeki, ufito wa kushindilia, kwamba hakuna kitu ndani. Sasa tazama mdomo wa mtutu. Kilainishi kikitosha, utaona duara la unyevu mweusi wenye mafuta kuzunguka mdomo, mara nyingi na miale inayofuata mifereji ya mtutu. Liguse kwa kidole. Likiteleza, kilainishi kimefika mwisho wa safari. Mdomo ukiwa mkavu, wa kijivu na wenye ungaunga, kiliisha njiani.

Kisha sukuma polepole kitambaa kikavu kinachobana kiasi, ukianzia nyuma kama bunduki hufunguka nyuma. Mkono wako utasikia mahali kinapokwama. Weka alama kwenye ufito wa kusafishia mahali hapo, upime umbali kutoka mdomoni. Fuatisha kitambaa chenye maji kidogo na ukifungue mwangani: je, masizi yametoka kama tope laini, kama magamba makavu, au kama lami inayovutika? Majibu hayo mawili, mahali na hali, ndiyo yatakayokuongoza katika sehemu zinazofuata.

Magamba makavu karibu na mdomo, nyuma safi

Kilainishi hakitoshi, hata kama ni kizuri. Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwenye mitutu mirefu ya sentimita 70 na zaidi. Kabla ya kugusa mchanganyiko, tazama risasi yenyewe. Risasi zilizochorwa kwa ajili ya baruti isiyo na moshi huwa na mfuo mmoja au miwili myembamba. Risasi ya baruti nyeusi kwa bunduki ndefu inahitaji mifuo mitatu hadi mitano, mipana na yenye kina. Hakuna mchanganyiko utakaofidia mfuo usio na nafasi. Kalibu ya kumiminia risasi ikiwa ni ya aina isiyofaa, dawa ni kalibu nyingine.

Kama mifuo ni mipana, pima uzito wa risasi kumi kabla na baada ya kuzipaka. Tofauti ndiyo kilainishi zinachobeba. Risasi moja ikipungukiwa sana kuliko wenzake, upakaji wako una mapengo: hewa imenaswa kwenye mfuo, au kilainishi kiliganda kabla ya kujaa.

Ikiwa mifuo imejaa sawasawa na mdomo bado ni mkavu, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kupunguza ugumu wa mchanganyiko: ongeza mafuta yasiyoganda, kama ya zeituni, kwa asilimia 5 ya uzito, ujaribu tena. Ya pili ni kuweka kisahani cha kilainishi chenye unene wa milimita 3 kati ya baruti na risasi, kikiwa kimekingwa pande zote mbili kwa vizibo vya karatasi ngumu. Kisahani hicho hula nafasi, hivyo kiasi cha baruti hupungua. Kila kitu ndani ya ganda lazima kigusane, pasibaki pengo la hewa. Ya tatu, na mara nyingi iliyo bora, ni kuacha kukitegemea kilainishi peke yake. Kwa bunduki inayofunguka nyuma, fungua baada ya kila mlio, ingiza mrija uliotengenezwa kwa ganda tupu lililotobolewa, na upulize pumzi ndefu tatu hadi tano. Mvuke wa pumzi unatosha kuyalainisha masizi. Siku kavu ongeza pumzi, siku ya mvua punguza. Pumzi hii hupulizwa kutoka nyuma tu, bunduki ikiwa wazi na tupu. Gobore halipulizwi kinywani, linafutwa kwa kitambaa.

Ukoko mgumu mbele tu ya chemba

Hapa kilainishi kipo lakini masizi ni mengi kuliko kinavyoweza, au yanakauka kabla ya risasi inayofuata kuingia. Angalia mwendo wako wa kupiga. Mtutu unaounguza mkono hukausha masizi ndani ya dakika moja au mbili, na sehemu ya nyuma ndiyo yenye moto zaidi. Acha mtutu upoe, au futa baada ya kila mlio kwa kitambaa kimoja chenye unyevu na kimoja kikavu. Unyevu maana yake umekamua kitambaa mpaka hakidondoshi. Maji yakibaki kwenye chemba yatashika ganda na kuharibu mlio unaofuata.

Baruti nayo ina neno. Baruti isiyoshindiliwa vizuri ndani ya ganda huungua ovyo na kuacha masizi mengi zaidi. Baruti ya punje ndogo mno katika ganda kubwa hufanya vivyo hivyo katika bunduki nyingi. Ukibadili punje, anza na kiasi cha chini kwenye jedwali la mtengenezaji.

Lami nyeusi inayonata, haitoki kwa maji

Kitambaa kikirudi na kitu cheusi kinachovutika, maji yakiteleza juu yake bila kukiyeyusha, mshukiwa wa kwanza ni mafuta ya petroli. Mafuta ya injini, grisi ya magari na mafuta mengi ya kutunzia bunduki yakikutana na moto na masizi ya baruti nyeusi hutoa uchafu wa lami. Mafuta ya wanyama na ya mimea hayafanyi hivyo, ndiyo maana bado yanatumika.

Tofautisha vyanzo viwili. Lami ikionekana kwenye risasi mbili tatu za mwanzo kisha ikapungua, imetokana na mafuta ya hifadhi uliyoyaacha mtutuni, na kilainishi chako hakina hatia. Suluhisho ni spiriti kabla ya risasi ya kwanza. Lami ikiendelea na kuongezeka, iko ndani ya mchanganyiko. Soma kilichoandikwa kwenye kopo, na ukipate kilainishi kisicho na petroli.

Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu kanuni hii husemwa kwa ukali kupita kiasi. Nta ya parafini iliyosafishwa vizuri, nyeupe na isiyo na harufu, haileti balaa la grisi. Kuna mchanganyiko wa zamani wa parafini sehemu moja, shahamu ya kondoo sehemu moja na nta ya nyuki nusu sehemu, kwa uzito, ambao unafanya kazi vizuri hadi leo. Vilevile mafuta ya kukatia chuma yanayochanganyika na maji hutumika kulowanisha vitambaa vya gobore bila kuacha lami. Kinachoharibu ni mafuta mazito yasiyopatana na maji, nayo hayana nafasi hapa.

Michirizi ya kijivu inayong'aa mtutuni

Haya ni madini ya risasi. Yanaonekana kama nyuzi au vijani vyembamba vya fedha kwenye kitambaa, au kama doa la kijivu lisilotoka kwa maji na sabuni. Watu wengi hukimbilia kubadili kilainishi. Tazama kwanza yalipo.

Yakianzia nyuma, risasi ni nyembamba kuliko mtutu na gesi ya moto inapita pembeni yake ikiikata. Pitisha kipande cha madini laini ya risasi kwenye mtutu, ukipime kwa maikromita. Risasi inatakiwa ilingane na kipenyo cha mifereji au ikizidi kwa milimita 0.025 hadi 0.05. Kilainishi hakizibi pengo la gesi. Sababu nyingine ni aloi ngumu mno. Shinikizo la baruti nyeusi linapaswa kuivimbisha risasi ikajaza mtutu, na aloi yenye antimoni nyingi, kama ile ya vizani vya magurudumu, inakataa. Kwa risasi za maganda tumia bati sehemu moja kwa madini ya risasi sehemu 20 au 30. Kwa Minié (risasi ya gobore yenye ncha na shimo kitakoni) na risasi za duara tumia madini ya risasi yasiyochanganywa.

Yakiwa mdomoni tu, rudi kwenye sehemu ya mdomo mkavu: kilainishi kimekwisha njiani. Yakitapakaa kote, mtutu wenyewe una makovu ya kutu, na hilo haliponi kwa nta.

Kilainishi kinayeyuka, mlio unakuwa dhaifu

Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64 za Selsiasi, lakini mchanganyiko wenye mafuta mengi hulainika na kuanza kutoa jasho mapema zaidi. Sanduku la risasi likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, mafuta hushuka kwenye baruti. Dalili ni mlio wenye sauti nzito ya kuchelewa, risasi kuanguka chini ya shabaha, na punje za baruti zilizoshikana ukilifungua ganda. Ganda lililofikia hapo halirudi kuwa zima. Livunje kwa utaratibu, baruti uimwage kwenye maji.

Kinga ni mbili kwa pamoja. Ongeza nta: asilimia 60 nta ya nyuki, 35 shahamu, 5 mafuta ya mbarika. Na weka kizibo cha karatasi ngumu chenye unene wa milimita 0.76 au 1.5 juu ya baruti, kiwe na kipenyo cha kubana ndani ya ganda. Jaribu mchanganyiko kabla ya kuupaka kwenye risasi mia mbili. Simamisha risasi tatu juu ya karatasi nyeupe mahali penye joto la nyuzi 45 kwa saa sita. Doa la mafuta likienea kwenye karatasi kupita upana wa risasi, ongeza nta.

Kilainishi kinameguka na kudondoka

Ukiishika risasi na vipande vikabaki kiganjani, ama mchanganyiko ni mkavu mno, ama haukushika tangu mwanzo. Bonyeza kipande kwa kucha. Kikipasuka kama chaki, ongeza lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) au mafuta ya zeituni kwa asilimia 5. Kikikubali kucha lakini kimebanduka kizima kutoka mfuoni, risasi zilikuwa baridi au zina mafuta ulipomimina. Zioshe kwa spiriti, zipashe moto hadi ziwe vuguvugu kiganjani, ndipo umimine.

Kwenye baridi tatizo hili huzidi. Mchanganyiko wa kiangazi ukigandamana, hauminywi kutoka mfuoni kwa wakati na mdomo unakauka ingawa risasi imebeba kilainishi cha kutosha. Kwa hali hiyo nta iwe asilimia 40, shahamu 40 na mafuta 20. Mtu anayepiga misimu yote anahitaji michanganyiko miwili, na kila sanduku liandikwe lina upi.

Shuku pia nta yako. Nta nyingi zinazouzwa kama za nyuki zimeongezwa parafini. Chukua kipande cha ukubwa wa harage, ukifinyange kwa vidole kwa dakika moja. Nta halisi hulainika, hunata kidogo, na hufinyangika bila kukatika. Yenye parafini nyingi huvunjika vipandevipande na kuteleza kama sabuni.

Gobore: risasi haishuki

Risasi za mwanzo zinashuka kwa mkono mmoja, kufikia ya tano unasukuma mdeki kwa nguvu zako zote. Simama. Risasi iliyokwama juu ya baruti na kuacha pengo inaweza kuvimbisha au kupasua mtutu, na haipigwi kwa hali yoyote. Weka alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na nyingine ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa. Alama ya pili isipofika mdomoni, ondoa fataki, dondosha maji kidogo au mafuta laini pembeni ya risasi, ngoja dakika chache, jaribu tena. Ikikataa, iharibu baruti kwa kumimina maji kupitia kichuchu cha fataki na uivute risasi kwa skrubu ya kuvutia.

Kwa Minié chanzo mara nyingi ni kilainishi kigumu. Risasi hii inashuka ikiwa imelegea na sketi yake, yaani ukingo mwembamba wa kitako, hupanuka wakati wa mlio, hivyo inahitaji mchanganyiko laini: nta sehemu moja kwa shahamu sehemu moja hadi tatu, kadiri ya joto. Ichovye hadi juu ya mfuo wa mwisho, ikiwa imeshikwa kwa ncha. Shimo la kitako liache wazi. Mafuta yaliyojazwa humo yatakaa juu ya baruti.

Risasi ya duara haina mfuo, kwa hiyo kitambaa ndicho kinachobeba kilainishi, na kitambaa hicho kinasomeka. Viokote vitambaa hatua chache mbele ya mdomo, uvitandaze. Kizuri kina doa jeusi la mviringo katikati, kingo zimechakaa kidogo lakini zima, na nyuzi zinaonekana zote. Katikati kukiwa na tundu lililoungua, kilainishi ni kidogo au kitambaa ni chembamba mno: panda kutoka milimita 0.25 kwenda 0.40 au 0.45. Kikiwa kimekatwa kwa mistari iliyonyooka pembeni, kingo za mifereji mdomoni ni kali, na kilainishi hakihusiki. Kikiwa kimelowa tepetepe na mlio ulikuwa dhaifu, mafuta yamefika kwenye baruti. Kitambaa kiwe na kilainishi lakini ukikikamua kwa vidole kisitoe tone.

Kwa anayetaka usawa wa risasi hadi risasi, loweka kitambaa cha pamba kwenye mafuta ya kukatia chuma sehemu moja na maji sehemu sita au saba, kitandaze kikauke kabisa kikiwa bapa. Maji huondoka, na mafuta yaliyobaki huwa yameenea kwa kiasi kilekile kila mahali. Kitambaa kikiwa kikavu namna hii, futa mtutu baada ya kila mlio.

Rivolva: silinda inakuwa nzito

Silinda inayozunguka kwa shida baada ya risasi sita hadi kumi na mbili ina masizi kwenye mhimili wake na kwenye uso unaotazama mtutu. Paka mhimili shahamu au mchanganyiko laini kabla ya kuanza, usitumie mafuta ya petroli, na hapo tu tofauti itaonekana. Kisha amua kilainishi cha risasi kikae wapi. Grisi iliyopakwa juu ya risasi za duara huyeyuka na kupeperushwa na mlio wa chemba ya jirani, na kufikia risasi ya tatu zilizobaki hazina kitu. Kisahani cha sufu iliyoshindiliwa, chenye unene wa milimita 3, kilichochovywa kwenye nta na shahamu nusu kwa nusu, kikiwekwa kati ya baruti na risasi, kinadumu zaidi na hakichafui mikono. Kibanwe sawasawa. Usiache silinda zimeshindiliwa kwa siku nyingi, mafuta ya kisahani yatahamia kwenye baruti.

Moto kuruka kutoka chemba moja hadi nyingine hauzuiwi kwa grisi peke yake. Risasi ya duara lazima iwe kubwa kuliko chemba, ikikatwa pete nyembamba ya madini wakati wa kushindiliwa, na fataki zibane kwenye vichuchu vyake. Kama hupati pete hiyo, risasi zako ni ndogo.

Matundu yanatawanyika

Yakipanda na kushuka katika mstari wa wima, kasi inabadilika kati ya mlio na mlio. Hakikisha kwanza kiasi cha baruti, kisha chunguza masizi: mtutu unaobadilika hali kila risasi hutoa kasi inayobadilika. Rudia safu ileile ukifuta baada ya kila mlio. Mstari ukifupika, kilainishi au upulizaji haukutosha. Usipofupika, tafuta kwingine.

Risasi moja ikitoka nje ya kundi pasipo sababu huku nyingine zikikaa pamoja, okota vizibo. Kizibo chenye alama ya mfuo wa kitako cha risasi na mafuta upande mmoja kilisafiri kimeng'ang'ania risasi na kuiyumbisha. Hutokea sana palipo na kisahani cha kilainishi bila karatasi juu yake. Ongeza kipande cha karatasi ya nta chini ya kitako, na futa kilainishi chote kilichobaki kwenye kitako baada ya kupaka. Kitako kikavu, tambarare na chenye kingo kamili ndicho kinachoielekeza risasi inapotoka mdomoni.

Jikoni: mchanganyiko wenyewe unapokataa

Mchanganyiko wa kuanzia kwa hali ya wastani ni nta ya nyuki asilimia 50, shahamu ya kondoo au mafuta mgando ya mimea asilimia 40, na mafuta ya zeituni au ya mbarika asilimia 10, vyote kwa uzito. Yeyusha ndani ya chombo kilichokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Nta kwanza, shahamu baadaye, mafuta mwisho. Baruti, fataki na maganda yaliyojazwa yawe chumba kingine. Sufuria hiyo isirudi kwenye chakula. Simamisha risasi kwa kitako kwenye bati bapa, mimina kilainishi cha nyuzi 70 hadi 75 mpaka kifunike mfuo wa juu, acha kipoe hadi kiwe kigumu lakini hakijawa baridi, kisha zitoe risasi kwa kuzisukuma kutoka chini au kwa kikato cha mrija.

Kikiwa na chembechembe kama mchanga, shahamu ilipoa polepole mno au haikusafishwa. Yeyusha tena, koroga mfululizo mpaka kianze kuwa kizito. Chembe zikirudi, shahamu ina uchafu: ichemshe na maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande, ukwangue tabaka la chini na kulitupa. Rudia mara moja. Maji yaliyosalia huleta mapovu ukipasha, kwa hiyo endelea kupasha taratibu hadi mapovu yaishe.

Kikijitenga na mafuta kuelea juu, mafuta ni mengi au hayapatani na nta. Mafuta ya mbarika hayapendi parafini. Yatumie na nta ya nyuki.

Siagi na mafuta yoyote yenye chumvi yasiingie. Chumvi inakula chuma.

Risasi zilizohifadhiwa zimebadilika rangi

Utando mweupe mwembamba juu ya kilainishi, unaopotea ukiupitisha karibu na joto la kiganja au ukiusugua, ni wa nta ya nyuki yenyewe. Hauna madhara. Unga mweupe juu ya madini ya risasi, unaobaki hata ukipasha, ni jambo tofauti kabisa. Ni kutu ya risasi, ni sumu, na husababishwa na asidi ya mafuta yaliyochacha au mvuke wa mbao za sanduku. Usiupulize wala kuusugua ukiwa mkavu. Vaa glavu, lowanisha, na risasi hizo zirudi kwenye chungu cha kuyeyushia mahali penye hewa nyingi.

Kijani kwenye maganda ya shaba nyeupe, hasa pale yanapokutana na risasi, kina chanzo hichohicho: mafuta yamechacha. Nusa kilainishi kilichobaki kwenye kopo. Harufu kali ya mafuta ya zamani inatosha kulihukumu kopo zima. Mchanganyiko wenye shahamu uhifadhiwe kwenye chombo kisichoingiza hewa, mahali pa giza na baridi, na tarehe iandikwe kwenye kifuniko. Maganda yenye kijani kilichokwaruza shaba hayajazwi tena.